Shati Lisilo na Mwenyewe

Katika hoteli ile uchafu wote uliishia chini, kwenye chumba cha kufulia. Mashuka yalishuka kutoka vyumba vya wageni yakiwa yamebeba kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa na kila kitu ambacho mkono wake unaweza kukimwaga. Yalipita mikononi mwa watu wenye glovu za mpira, yakaingia kwenye mashine, yakatoka meupe, basi. Hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chini kule, na haikubandikwa ukutani na mtu yeyote: ulichokiona kwenye nguo ya mtu hukisemi, si kwa mwenzako, si kwa mkeo, si ukiwa umelewa. Mgeni wa kazi aliyecheka doa siku yake ya kwanza hakukemewa. Alitazamwa tu, na watu wote kwa pamoja, mpaka kicheko kikamkaukia mdomoni.

Sare za wafanyakazi zilifuliwa mwisho. Nguo ya mgeni ilishonwa uzi wa rangi kwenye kola ili ijulikane ni ya nani, lakini sare hazikushonwa kitu. Ukimaliza zamu unaitupa yako kapuni, na kesho unachukua yoyote inayokutosha. Kwa hiyo jasho la mtu, au damu yake, au mkojo wa mzee aliyeshindwa kufika chooni, havikuwa na jina.

Kijana aliyeipenda sheria ile kuliko wote alikuwa mpiga pasi. Walimwita Pasi, naye jina alilipokea kama cheo. Alikuwa na kiburi cha mtu anayejua kazi yake. Aliweza kunyoosha shati la mikunjo elfu likasimama kama limevaliwa na mtu asiyeonekana, na hakuna doa lililomtia kinyaa. Alizoea kusema kwamba uchafu wa mwili ni uchafu mnyofu, unakuja, unafuliwa, unaondoka. Kilichomtia kinyaa ni midomo ya watu.

Na yeye ndiye aliyeivunja sheria.

Ilianza na darasa, tena kwa nia njema, kama yanavyoanza mambo mengi ambayo baadaye hunuka. Hoteli ilitangaza kwamba vibarua watakaofaulu mtihani wa Kiingereza watapewa mkataba wa kudumu. Masomo yangekuwa alasiri, kati ya zamu na zamu, katika chumba cha kulia cha wafanyakazi, kwenye meza zile zile zenye utelezi wa mafuta ya mchana. Wengi walijiandikisha. Pasi alijiandikisha wa kwanza, kisha akamshika dada yake mkono na kumwandikisha pia, ingawa dada alisema yeye na Kiingereza wapi na wapi.

Dada yake alifua katika chumba kile kile, na alikuwa na siri inayopumua. Alikuwa na mtoto mchanga. Hoteli haikuwa na sheria dhidi ya kibarua anayenyonyesha, ila wanawake kadhaa walikuwa wameondoka na mimba zao wakaambiwa wataitwa, na hadi leo hawajaitwa. Kwa hiyo dada alilificha tumbo chini ya aproni pana, akaomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama, akajifungua, akarudi kazini kabla hata miguu haijamkaa sawa. Mtoto alibaki nyumbani na bibi yake. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori, naye alishapata barabara nyingine.

Lakini kifua hakijui kutunza siri. Saa ya mtoto kunyonya ikifika, maziwa yalitoka yenyewe, mtoto awepo asiwepo. Dada alikunja vitambaa akavipachika ndani ya sidiria, na vikishindwa alibadili sare na kuisukuma ile iliyolowa ndani ya mashine kwa mkono wake mwenyewe. Aliyejua ni Pasi peke yake. Walikuwa wamepanga hivi: dada afaulu mtihani, atie saini mkataba wa kudumu, na siku ya pili yake aseme hadharani, nina mtoto. Mtu wa mkataba hafukuzwi kwa sababu ya kunyonyesha, hilo liliandikwa na lilikuwa na mhuri. Ilikuwa ni kujibana wiki chache tu.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa mwanamume wa sauti tamu na mashavu ya kung'aa. Alikuwa na tabia ya kulowesha kidole kwa ulimi na kufutia ubao alipokosea, kisha kukirudisha kidole mdomoni na chaki yake. Pasi aliliona hilo siku ya kwanza, akajifanya hakuliona, kwa sababu mtu yule alijua kufundisha. Siku ya kile kialama kinachoning'inia juu ya maneno ya Kiingereza, ambacho sisi tunakiita ritifaa na tunakitumia kumwandika ng'ombe, alikieleza mpaka mashine zenyewe zingeelewa.

Kialama kile, alisema, kina kazi mbili. Ya kwanza ni kumilikisha. Ninyi mnashona uzi kwenye kola ya mgeni ili mjue shati ni la nani, sivyo? Waingereza wanaushona uzi huo kwenye jina la mwenye mali. Akaandika ubaoni: the guest's shirt. Shati la mgeni. Sisi tunaanza na shati ndipo tunamtaja mwenyewe, wao wanaanza na mwenyewe, wanampachika kialama na herufi moja, ndipo wanaitaja mali yake. Kazi ya pili ni kuonyesha pengo. Watu wakisema haraka, herufi zinadondoka, na pale zilipodondoka kinabaki kialama, kama nyuzi zinavyobaki kwenye shati pale kifungo kilipong'oka. Hivyo is not ikawa isn't. Ukiona nyuzi, jua palikuwa na kifungo.

Darasa zima liliguna kwa kuridhika. Dada, aliyekuwa amekaa pembeni mikono ameikunja kifuani, alimtazama mdogo wake akatabasamu. Ameelewa.

Kisha mwalimu akaomba mifano. Mmoja akasema kitabu cha mtoto. Mwingine akasema gari la tajiri. Mwalimu alipiga miayo waziwazi. Lugha iliyokufa hiyo, alisema, mimi nataka lugha hai, nataka mali za watu mnaowajua. Ukimya ukaingia, na Pasi, ambaye alikuwa hajapata kuvumilia ukimya unaomdai kitu, akasimama. Akatoa mfano wa kola ya mhasibu, kwamba kola ya mhasibu ina rangi ya midomo, na rangi hiyo si ya mke wake. Sentensi moja, vialama vitatu, vyote mahali pake.

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Akamwita mbele, akampigia makofi, akasema huyu ndiye mwanafunzi. Na Pasi, ambaye jana yake angemtazama mtu wa namna hiyo mpaka kicheko kimkauke, alirudi kitini kifua mbele.

Tangu siku ile darasa likawa soko. Kila mmoja alitakiwa kuja na sentensi yake, na watu wa chumba cha kufulia walikuwa na ghala lisilo na mwisho. Walianza na wageni, wakahamia kwa mabosi, na mabosi walipokwisha wakaanza kulana wenyewe. Walisimama mmoja baada ya mwingine, watu wazima, mama wa watu, wakitema mashuka ya wenzao kwa Kiingereza cha kuokota, na mwalimu aliwaonyesha pa kuweka kialama. Mate yaliruka. Meno yalionekana mpaka ya nyuma. Madamu, msimamizi mkuu wa usafi, ambaye ofisi yake ilipakana ukuta na chumba kile, alivutwa na vicheko. Siku moja akaja kuchungulia, siku ya pili akaja na kiti chake, akakaa nyuma, akasema endeleeni, mimi napitisha muda tu.

Pasi alimwona. Alijua vizuri kwamba Madamu hajapata kupitisha muda bure maishani mwake. Ila yeye alikuwa mwanafunzi bora, na mwanafunzi bora haachi kusimama kwa sababu ya kiti kimoja. Wiki hiyo hiyo akatoa sentensi juu ya Povu.

Povu walimwita hivyo kwa kuwa maneno yake yalikuwa mengi na hayana uzito. Kazi yake ilikuwa kupanda ghorofani kukusanya nguo za wageni, na kila mtu wa chini alijua kwamba chupa ya pombe iliyobaki na kidogo haikumponyoka. Suruali ya Povu, alisema Pasi, haijapata kiu tangu mwaka uanze. Watu walicheka, Povu mwenyewe akacheka, Madamu akacheka. Asubuhi yake Povu alishushwa ghorofani, akawekwa kwenye pipa la dawa ya madoa, ile inayochoma macho na kubabua vidole.

Dada alimsema njiani wakirudi nyumbani. Alimuuliza amepata nini. Pasi akajibu kwamba lilikuwa somo tu, kwani nani hakujua kuwa Povu anakunywa? Dada akamwambia kujua ni jambo moja na kumuuza mtu ni jambo lingine, na kama asingekuwa na shida ya mkataba asingetia tena mguu katika chumba kile kinachonuka. Pasi alikuwa ameanza kuisikia harufu hiyo yeye pia, lakini mtihani ulikuwa umekaribia, na alijiambia kwamba mtu hatapiki katikati ya mlo alioupika mwenyewe.

Siku yenyewe Povu aliingia darasani akiwa na mfuko wa plastiki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa dawa. Alikaa mbele kabisa, pahali ambapo hakuzoea kukaa, na mwalimu alipouliza nani ataanza, alikwenda ubaoni bila kunyoosha mkono. Akaandika polepole, kwa mwandiko mbaya, kuwa shati limelowa, na kwamba hayo ni maziwa ya mtoto. Kisha akaufungua mfuko, akalitoa shati la sare ya kike, akalitandaza juu ya meza ya chakula. Kifuani lilikuwa na madoa mawili ya mviringo, yamekauka pembeni, katikati bado mabichi.

Pasi hakuhitaji kumtazama dada. Asubuhi ile dada alikuwa ametumwa ghafla kubeba mapazia, na sare aliyoibadili ilikuwa imebaki kapuni, kando ya pipa la Povu, bila mwenye kuisukuma.

Mwalimu alisogea. Akalishika lile shati kwa vidole viwili, akaliinamia, akalinusa. Akamgeukia Povu, akauliza kwa furaha, kialama cha mwenye mali kiko wapi, shati la nani?

"Halina mwenyewe, mwalimu," alisema Povu. Alikuwa anamtazama Pasi. "Nimeliokota tu. Nikasema darasa litanisaidia kumtafuta."

Nyuma ya chumba kiti cha Madamu kililia. Alikuwa amejisogeza mbele.

Mwalimu akapiga makofi. Vizuri sana, alisema, hili ni zoezi. Kila mmoja akisie. Atataja jina la mtu, ataweka kialama, atasema shati. Tunaanza kushoto.

Na walianza. Mzee wa boila ya maji ya moto alisema shati ni lake, siku hizi anatoka jasho zito, na watu wakaangua kicheko. Wa pili akasema ni la bawabu. Wa tatu akasema ni la mpishi, ndiyo maana chai ya hoteli ina ladha. Zamu ilitembea kutoka mdomo hadi mdomo, na kila mdomo ulikuwa na utani wake. Pasi aliwatazama kana kwamba hajapata kuwaona. Alimwona mama mmoja aliyelea watoto wanne, ambaye bila shaka aliwahi kulowa hivyo hivyo, akicheka huku amejiziba uso. Alimwona mwalimu akilamba kidole. Na alimwona Madamu, ambaye hakucheka. Macho ya Madamu yalikuwa yanatembea kwenye vifua vya wanawake, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya. Yalimkaribia dada. Dada alikuwa ameikunja mikono, na chini ya mkono wa kulia kitambaa cha sare kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.

Zamu ikamfikia Pasi.

Angeweza kutaja bawabu tena. Angeweza kukohoa. Baadaye alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo, na jibu alilijua, nalo lilimchefua: alitaka macho ya Madamu yaondoke pale yalipo, mara moja, na utani usingeyaondoa. Yalihitaji kupewa kitu cha kula.

Akasema ni la Sindano.

Sindano alikuwa binti aliyeshona vifungo na pindo zilizofumuka. Aliishi peke yake katika chumba cha kupanga, hakuwa na ndugu pale kazini, na hakuwa msemaji. Pasi hakulisema jina lile kwa utani. Alilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na chumba kikalipokea hivyo hivyo. Kicheko hakikutoka. Vichwa viligeuka. Sindano aliinua uso, akamtazama Pasi, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anangoja amweleze alichokosea.

"Simama," Madamu alimwambia Sindano. Sindano akasimama. Madamu alimtazama kifua, akainuka, akasema, "Njoo ofisini kwangu. Nataka nikuangalie mwenyewe."

Binti wa watu alisema hana mtoto, hajapata kuwa na mtoto. Madamu akasema hilo litaonekana akivua. Na hakuna aliyesema neno. Wale wote waliokuwa na sentensi kila siku, leo ndimi zilikuwa zimelala.

Dada akasimama. Alishusha mikono, na kila mtu akaona.

"Mwache huyo," alisema. "Shati ni langu. Na mtoto ni wangu, yuko nyumbani, ana afya."

Alikwenda mezani, akalichukua shati kutoka mikononi mwa mwalimu. Mwalimu, ambaye labda hakujua afanye nini na uso wake, alitabasamu akamwambia kwa upole ajaribu kulisema kwa Kiingereza. Dada alimtazama kidogo, kama unavyotazama kitu kilichonata kwenye kiatu.

"Kwa lugha yangu inatosha," alisema, akatoka.

Hakurudi ndani. Sare aliikabidhi mlangoni jioni ile, na akaambiwa ataitwa.

Pasi alipiga pasi mpaka zamu ikaisha. Mvuke ulipanda, mashati yalipita, na kila shati lilimnukia midomo ya watu. Sindano alipita na kapu la nguo zenye vifungo vilivyokatika, hakugeuza kichwa. Povu alikuwa kwenye pipa lake, hakuwa na furaha ya mshindi, alionekana kama mtu aliyekula kilichooza akijua kimeoza. Pasi alitamani kumpiga. Akakosa pa kuanzia, maana kila ngumi aliyoifikiria ilikuwa na njia ya kumrudia.

Asubuhi yake Madamu alimwita. Mwalimu alikuwepo, amekalia ukingo wa meza. Madamu alisema darasa limemfungua macho. Alisema watu wa kule chini wanajua mengi, na hoteli inahitaji mtu wa kwao, mwenye Kiingereza safi na ulimi mwepesi, wa kuwasimamia. Mkataba wa kudumu, bila kungoja mtihani. Alilisema jina la dada mara moja tu, kwa sauti ya kusikitika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwalimu akaongeza kwamba yeye ndiye aliyempendekeza.

Pasi aliwajibu, na alijibu vizuri. Aliwaambia kwamba ameosha vinyesi vya wageni kwa mikono hii na hajapata kuona uchafu kama ulio ndani ya ofisi hii. Alimwambia mwalimu kwamba kialama chake kizuri kimefundisha watu kupachika majina kwenye aibu za wenzao. Aliwaambia kazi yao wailambe wenyewe kwa kidole. Akatoka amenyooka, akashuka ngazi, akapita mlango wa nyuma mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu jana mate mdomoni mwake hayakuwa machungu.

Nyumbani alimkuta dada amekaa kwenye mkeka, mchana kweupe, ananyonyesha bila kujifunika. Mama yao alikuwa uani akianua nepi. Pasi alisimulia yote, na alipofika kwenye ile hotuba aliirudia neno kwa neno, kwa kuwa alijua ni nzuri.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Akamtoa mtoto kwenye ziwa, akamweka begani, akaanza kumpapasa mgongo.

"Umekataa kwa ajili ya nani?" aliuliza.

Pasi akasema kwa ajili yake, kwani kwa ajili ya nani mwingine?

"Kwa ajili yangu," dada alirudia. "Jana ulimtupa binti wa watu ili unifiche mimi. Leo umetupa mshahara ili ujisafishe wewe. Kila siku unatupa kitu, mdogo wangu, na hakuna hata kimoja kilicho chako. Huyu atakula hotuba?"

Pasi alisema hawezi kuwa sikio la mwanamke yule, kwamba akiiwaza ile ofisi anataka kutapika.

"Tapika ukishaipata kazi," alisema dada. "Kutakuwa na msimamizi, uwe wewe au awe Povu. Kusimamia si dhambi. Dhambi inaanza ukifungua mdomo, na mdomo ni wako, hakuna anayekushikia. Rudi. Sema ulikuwa na hasira kwa yaliyompata dada yako, wataelewa, wanapenda mtu akijishusha. Na kwa yule binti pitia mwenyewe, usinitume mimi."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na nepi mikononi, alimpisha njia.

Hotelini Pasi alimkuta Sindano kwenye meza yake ya kushonea. Alisema amekuja kuomba radhi. Sindano hakuacha kushona.

"Ulinitaja mimi kwa sababu sina mtu hapa," alisema.

"Ndiyo," alisema Pasi.

Sindano alikata uzi kwa meno. Alisema amesikia, sasa angalau anajua ni kwa nini, na kama hana shida nyingine, taa iko nyuma yake na anamzibia mwanga. Pasi akasogea, akapanda ngazi.

Madamu alimpokea kama mtu aliyekuwa anamtarajia. Alimwacha asimame, aombe msamaha, autengeneze vizuri, aurudie. Mwalimu hakuwepo tena. Ofisi ilinukia manukato, na Pasi aliyahisi yakimwingia kooni kama kidole. Mate yalimjaa mdomoni, yale mepesi yanayotangulia kutapika. Akayameza. Madamu akamwonyesha kiti, akamsogezea karatasi ya mkataba, naye Pasi akasaini. Wino ulikuwa haujakauka Madamu alipomuuliza swali la kwanza, kwa sauti ya kirafiki kabisa: yule mwanamke mrefu wa zamu ya mchana, mbona kila mara yuko chooni, ana nini?

"Sijui, madamu," alisema Pasi.

"Hujui. Na unafanya naye kazi chumba kimoja."

"Sijui."

Madamu aligongagonga meza kwa kalamu. Kisha akatabasamu, akasema ajue basi, ndiyo kazi yake. Pasi alisema atauliza.

Alishuka mpaka chini. Yule mwanamke mrefu alikuwa peke yake kwenye mashine ya mwisho, anapakia mashuka, ameshikilia kiuno kwa mkono mmoja. Pasi alimkaribia, akazungumza bila kugeuza kichwa, kama mtu anayesoma saa ukutani. Alimwambia kwamba Madamu anaulizia habari zake huko juu. Alimwambia kwamba akitaka kwenda chooni atumie ngazi za nyuma, hazipiti karibu na ofisi.

Mwanamke aliusukuma mlango wa mashine mpaka ukajifunga. Habari za cheo zilikuwa zimetangulia kufika chini, habari za namna hiyo hazingoji lifti. Alimpima Pasi kutoka viatuni hadi usoni.

"Na wewe nani amekutuma uniambie hivyo?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Pita tu za nyuma, dada."

"Ili ukanisubiri huko?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akamzunguka bila kumgusa, kama mtu anayezunguka dimbwi, na akaenda chooni kwa ngazi za mbele.